Kunusurika na Kirusi cha Ghadhabu: Mwongozo kwa Wasiopenda Kukimbia

Siku kirusi kitakapovuka uzio wa maabara na kuingia mtaani, wengi watakufa kwa sababu walikuwa macho. Hilo ndilo somo la kwanza la 28 Days Later, filamu ya Danny Boyle ya mwaka 2002 iliyoandikwa na Alex Garland, na mwongozo huu umeegemea picha hiyo na ndugu zake waliozaliwa baadaye. Jim, steringi wetu, ni tarishi wa baiskeli jijini London. Anagongwa na gari, anazimia, analazwa, na kwa siku 28 nchi inateketea huku yeye amelala usingizi wa pono. Anapozinduka, kazi yote ngumu imeshafanyika: waliokuwa wakanyagane wameshakanyagana, waliokuwa wakimbie wameshakimbia, serikali nayo imeshayeyuka. Kilichobaki ni kutafuta suruali.

Maandalizi yako basi yaanzie hapo: uwe umezimia. Wajuzi wa fani wamekubaliana juu ya hilo. Katika The Day of the Triffids, riwaya ya John Wyndham ya mwaka 1951, shujaa anaamka hospitalini na bandeji machoni wakati karibu kila mtu London amepofuka, na Garland hajawahi kuficha kwamba aliazima kwake. Mwaka 2003 katuni za The Walking Dead nazo zikaanza kwa polisi anayezinduka kitandani hospitalini. Nani huwabadilishia dripu watu hawa wiki nne mfululizo, ilhali wauguzi ama wamekufa ama wanauma watu? Usiulize. Kwa Jim kuna dalili moja tu kwamba kulikuwa na mtu wa kumjali: mlango wa chumba chake umefungwa kwa nje, na ufunguo umesukumwa ndani kwa chini. Muuguzi huyo hana jina wala sura, na kwa maoni yangu ndiye mwenye akili kuliko wote katika picha nzima. Ukipewa nafasi ya kuchagua hospitali, chagua yenye muuguzi wa namna hiyo.

Kabla hatujaendelea, mfahamu adui. Picha linaanza na wanaharakati wa haki za wanyama wanaovunja maabara ya nyani na sokwe mjini Cambridge. Mtaalamu aliyewakuta anawasihi wasifungue vizimba: sokwe wale wana maambukizi. Ya nini? Ya ghadhabu, anajibu, na wao wanamwona kichaa. Kizimba kinafunguliwa, dada mmoja anaumwa, na somo la pili limekamilika kabla jina la filamu halijatokea: daktari aliyevaa koti jeupe akikwambia usifungue, usifungue.

Walioambukizwa si mazombi, na ukiwaita hivyo mbele ya mashabiki utapata ubishi wa saa nzima. Hawajafa. Ni watu wazima wazima ambao ndani yao imebaki hasira peke yake. Hawali nyama ya mtu wala ubongo wake, hawali chochote. Na wanakimbia! Boyle aliwatumia wanariadha kuigiza nafasi hizo, kwa hiyo wale wenzangu ambao kupanda ngazi za ghorofa ya tatu ni safari, tuache kujidanganya. Hatutawashinda kwa miguu. Ila kutokula kwao ndiyo habari njema: mtu asiyekula anakufa njaa. Mwishoni mwa picha tunawaona wamelala barabarani, mifupa mitupu, hawana hata nguvu ya kusimama. Ina maana mpango mzima wa kunusurika unaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi ya kufungia maandazi: panda juu, funga mlango, zima taa, nyamaza, subiri. Miezi miwili hivi. Hakuna mbio, hakuna panga.

Kurasa zilizobaki zinaeleza kwa nini hakuna anayeweza kuufuata.

Usipige hodi

Jim anatoka wodini na mfuko wa plastiki uliojaa makopo ya soda, anavuka Daraja la Westminster, anaokota noti zilizotapakaa chini, na njia nzima anaita, "Haloo! Haloo!" Tusimcheke. Sisi Waswahili tungekufa wa kwanza hapa, maana tumelelewa kuamini kwamba kuingia mahali bila hodi ni wizi. Jim anaingia kanisani, anakuta watu wamelala chungu nzima, mabaki ya wengi yakiwa kimya kati ya mabenchi, naye kwa adabu yake yote anaita tena. Vichwa vichache vinainuka. Kwenye banda la video hapo ndipo benchi la nyuma husimama na kumpa ushauri wa bure ambao hauandikiki gazetini. Kisha padri anatokea mlangoni, anatingishika mwili mzima, na Jim anamtandika kwa mfuko wa soda huku akijilaumu kwa kumpiga mtumishi wa Mungu.

Soda, kwa hiyo, ibebe. Ni chakula, ni silaha.

Nikae kidogo kwenye London ile tupu, kwa sababu ndiyo picha inayobaki kichwani baada ya damu yote kukauka. Hakuna mtaalamu wa kompyuta aliyefuta magari. Walipiga alfajiri, majira ya joto ya mwaka 2001, dakika chache kwa siku, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza na jiji halijaamka. Polisi walisaidia kuzuia magari kwa vipindi vifupi vifupi, na kwa madereva waliokuwa wanawahi kazini Boyle alitumia mbinu nyingine: aliwaweka wasichana, binti yake mwenyewe akiwamo, kuwaomba kwa upole wasubiri kidogo. Wakasubiri. Haya yote yaliwezekana kwa sababu walitumia kamera ndogo za kidijitali, Canon XL1, zinazorekodi kwenye kaseti za DV, kamera ya daraja ambalo wapiga video wa harusi wangeweza kulimudu. Unazitega kadhaa, unapiga, unakunja, unaondoka kabla foleni haijaanza kupiga honi. Ndiyo maana picha yenyewe ina chengachenga. Iligharimu kama dola milioni 8 na ikaingiza zaidi ya milioni 80, hesabu ambayo mtayarishaji yeyote wa Bongo Movie aliyewahi kuambiwa kwamba kamera yake ni ya kizamani anapaswa kuibandika ukutani.

Hesabu mpaka ishirini

Tone moja la damu au mate likikuingia, una sekunde kati ya kumi na ishirini. Huo si muda wa kuandika wosia. Ni muda wa kufunga kamba za viatu, kama viatu vyenyewe si vipya.

Selena, mwanamke anayemwokoa Jim, ameigizwa na Naomie Harris na amejenga falsafa yake yote juu ya sekunde hizo. Mwenzake Mark anatoka katika vurugu ya usiku akiwa na jeraha mkononi. Mark anaanza kueleza, na kabla hajamaliza panga limeshashuka. Selena hakumuuliza kama ni damu yake au ya mtu mwingine. Baadaye anamwambia Jim bila kupepesa macho kwamba naye akiambukizwa atamfanyia hivyo hivyo, upesi kuliko pigo la moyo. Kabla ya haya yote dada huyu alikuwa mfamasia. Nawasihi mliozoea kugombana na wahudumu wa duka la dawa kwa sababu ya chenji mlifikirie hilo.

Wanasayansi wa sebuleni watasema kirusi cha namna hii hakipo, na kweli hakipo. Ebola hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla dalili hazijajitokeza. Kichaa cha mbwa, ugonjwa wa kweli unaokaribia Ghadhabu kuliko mwingine wowote, kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na wakati mwingine hata mwaka. Lakini ukitulia utaona kwamba kasi ya Ghadhabu ndiyo udhaifu wake. Aliyeumwa akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege hafiki hata kwenye mizani ya mabegi. Hawezi kukaa kwenye kiti saa nane akiangalia filamu, akatua New York akiwa na tabasamu. Ndani ya picha yenyewe kuna sajini mmoja, Farrell, anayewaza hivyo wakati wenzake wote wanaamini dunia imekwisha: kwamba Uingereza ni kisiwa kilichowekewa karantini tu, na ng'ambo ya bahari watu wanaendelea na chai yao. Wenzake wanamcheka. Kirusi cha kuogopwa ni kile kinachompa mtu wiki mbili za kushikana mikono na watu msibani.

Na hapa nichomeke ushauri wa kweli, usije ukasema umesoma kurasa zote hizi bure. Katika picha hizi watu wanang'atwa, wanakwaruzwa, wanarushiwa damu, na sijaona hata mmoja akikimbilia bomba. Ukiumwa na mbwa wa kawaida mtaani kwenu, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya ukachomwe chanjo, hata kama mbwa ni wa jirani na jirani anaapa kwamba hana neno. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, panga la Selena na hospitali ya rufaa vinakaribia kulingana.

Mshumaa

Jim anataka kwenda kwao, Deptford, kuwaona wazazi. Selena anamwambia watakuwa wamekufa. Anakwenda. Wamelala kitandani wawili, chupa ya vidonge pembeni, na mkononi mwa mama kuna picha ya Jim akiwa mtoto, nyuma yake maneno machache ya kumuaga. Walidhani mwana wao hataamka, wakaona wamfuate.

Usiku Jim hapati usingizi. Anakwenda jikoni, anawasha mshumaa, anakaa. Mbele yake mama anarudi na mifuko ya sokoni, baba anaingia, maisha ya nyumba ya kawaida yanapita kwa nusu dakika kama mkanda wa video wa familia. Kisha kioo kinapasuka na jirani anaruka ndani, na kabla hajakaa sawa anafuata binti wa jirani. Watu wa mtaa ule ule, aliowasalimia maisha yake yote. Ni katika vurugu hiyo Mark anapata jeraha lake.

Kanuni inajieleza: usiwashe mshumaa. Lakini nani kati yetu ataiweza? Umeme ukikatika hapa kwetu, mkono wa kwanza unakwenda kwenye kiberiti, wa pili unamtafuta mtoto asijigonge. Kizazi kizima kilicholelewa na mgawo wa umeme kingemalizwa usiku mmoja, kila nyumba na mshumaa wake dirishani.

Ghorofani, bila mvua

Aliyekaribia kuufuata mpango wangu wa karatasi ya maandazi ni Frank, dereva wa teksi, ameigizwa na Brendan Gleeson. Yuko juu kabisa ya ghorofa refu na binti yake Hannah. Ngazi ameziziba kwa matoroli ya supamaketi yaliyorundikana mpaka juu. Mlango imara, ngao ya polisi, vazi la kujikinga. Kasoro ziko mbili. Kwanza, dirishani ametundika taa za Krismasi zinazowaka na kuzima, kwa sababu alitaka kuonwa na watu wengine; Jim na Selena wakaziona, wakapanda kwake. Ya pili ni maji. Paa lote limejaa ndoo, mabeseni na kila chombo kinachoshika tone, na mvua haijanyesha siku nyingi. London! Mji ambao hata mwavuli una wosia. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam angemweleza Frank kwamba mvua haina dhamana, na kwamba mtu mwenye familia haishi ghorofani bila simtanki.

Ikawa lazima washuke. Wanakwenda supamaketi, nami nawapa alama zote kwa utulivu wao: wanachagua bila haraka, Frank anabishana na nafsi yake juu ya wiski ipi yenye heshima, na wanakuta matofaa yamekaa vizuri wakati mengine yote yameoza, kwa vile yalipigwa mionzi ya kuhifadhi. Wakati wa kutoka, Frank anaacha kadi yake ya benki kaunta. Hakuna keshia, hakuna benki, hakuna pauni. Kadi anaiacha. Weka wino mwekundu pembeni mwa ukurasa huu, nitaurudia.

Njiani, kabla ya supamaketi, wanapita kwenye handaki kwa sababu ni njia ya mkato. Kuhusu mahandaki nina sentensi moja: zunguka. Tairi linapasuka katikati, panya wanaanza kupita mbio, maelfu, wala hawawaangalii watu, wakiwa na kitu cha kukikimbia. Na hapo baba, binti na wenzao wanapaswa kubadilisha tairi kwa kasi ambayo fundi wa gereji yenu hajawahi kuifikia hata siku ulipomlipa kabla.

Ogopa kunguru

Wanafika kizuizi cha jeshi karibu na Manchester na hakuna mtu. Frank, aliyekuwa mcheshi safari nzima, anaghadhibika kidogo, kibinadamu tu. Anakaa. Juu yake, kwenye maiti, kunguru anadonoa. Anampigia kelele kunguru, anapiga teke, anatazama juu, na tone moja la damu linadondoka moja kwa moja ndani ya jicho.

Nimeona watazamaji waliovumilia mauaji kumi wakifumba macho kwa tone hilo. Boyle analionyesha kwa ukaribu, likining'inia, likiachia. Frank anajua. Anamwita binti yake, anamwambia anampenda sana, na katika pumzi ile ile anamfukuza kwa ukali asimsogelee. Sekunde zote ishirini amezitumia kwa hilo. Kisha risasi za askari waliokuwa wamejificha zinamaliza.

Sisi wa Pwani tungekuwa na kazi. Kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili kula takataka, wakavuka kuja Bara, na leo Dar es Salaam wanajiona ndio wenye mji na sisi wapangaji. Kwa hiyo vaa kofia pana, na usibishane na ndege.

Redio ikikuita, uliza inataka nini

Walikwenda Manchester kwa sababu ya redio. Sauti ya mwanajeshi, imerekodiwa, inarudiarudia kwamba dawa ya maambukizi wanayo, ulinzi wanao, njooni. Meja Henry West, ameigizwa na Christopher Eccleston, anawapokea kwenye jumba la kifahari lenye umeme wa jenereta, maji ya moto na mitego ya mabomu bustanini. Kuna chakula cha jioni. Askari mmoja amevaa aproni, amekaanga kimanda kwa mayai yaliyoharibika, na meja anakitema kwa ustaarabu. Uani, kwa mnyororo shingoni, amefungwa askari wao wenyewe, Mailer, aliyeambukizwa. Meja anataka kujua atachukua muda gani kufa njaa. Utafiti huo ni wa maana sana, tena ndio unaothibitisha mpango wangu, ila ningependa ufanywe na mtu mwingine.

Hapa kejeli inanikwama kidogo. Dawa iliyotangazwa redioni haipo. Meja anamweleza Jim kwa sauti ya mtu mwenye busara kwamba vijana wake walikata tamaa, mmoja alitaka kujiua kwa kukosa matumaini ya kesho, naye akawaahidi wanawake. Selena na Hannah ndiyo ahadi yenyewe. Hannah bado ni msichana mdogo. Selena anampa vidonge, vya kumfanya asijali kitakachotokea, na hicho ndicho kitu pekee ambacho mfamasia yule angeweza kumpa katika nyumba iliyojaa wanaume wenye bunduki.

Kwa hiyo unaposikia tangazo la kimbilio, usiulize wana nini. Uliza wanakosa nini. Kama tangazo linawaita watu wote, na wanaolitoa wote ni wanaume, na hakuna aliyetaja idadi ya vitanda, baki ghorofani na ndoo zako.

Masahihisho

Mwongozo wowote mzuri una ukurasa wa masahihisho, na wangu unahitaji zaidi ya ukurasa.

Jim, aliyeukataa mpango wa meja, anatoroka alipokuwa apigwe risasi msituni. Akiwa amelala chini anaona juu angani mstari mweupe wa ndege; kumbe sajini alikuwa na haki, dunia ipo. Anarudi kwenye jumba. Anamfungua Mailer. Anatembea kwenye mvua bila shati, kimya, anaua askari mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho anamtoboa macho kwa vidole gumba. Hana maambukizi hata chembe. Lakini ukiingia banda la video katikati ya dakika hizo, ukauliza huyu ameshaumwa au bado, hakuna atakayekujibu kwa uhakika.

Selena anaona hayo kutoka upande wa pili wa chumba: mwanaume aliyelowa damu, macho mekundu, mikono inayoua. Kwa kanuni yake mwenyewe, panga lilipaswa kushuka. Ameliinua. Linasimama hewani. Anamtazama, anangoja, na pigo la moyo linapita, na la pili. Jim ndiye anayemtania kwamba amechelewa.

Ukipiga hesabu utakuta kila aliyefika mwisho amefika kwa kuvunja kanuni nilizokupa. Jim asingemfahamu Frank bila zile taa za kijinga za Krismasi. Hannah asingekuwa hai kama Jim angekimbilia ng'ambo ya uzio alikoelekea uhuru, badala ya kurudi ndani. Jim naye, akiwa na risasi ya meja tumboni, asingefika popote kama mfamasia asingesita. Na ile kadi ya benki kaunta sijui ilimwokoa nani, lakini nikiwa kwenye teksi hiyo ningependa dereva awe mtu wa namna hiyo. Niliahidi mwongozo kwa wasiopenda kukimbia. Nakiri kwamba kwa mujibu wa ushahidi uliopo, aliyeufuata kikamilifu angekuwa salama peke yake chumbani, mdomo umefumbwa, akisikiliza redio inayodanganya.

Kwa wale wa "steringi hafi": inategemea umeangalia mkanda upi. Mwisho unaojulikana, watatu wanatandaza mashuka yaliyoshonwa kuwa salamu kubwa, na ndege ya kijeshi inayopita, rubani akizungumza Kifini, inawaona. Lakini Julai 2003 kumbi za Marekani zilionyesha mwisho wa pili baada ya majina, ambao Jim anafia hospitalini. Waliochelewa kutoka ukumbini ndio waliompoteza.

Ukiitwa sehemu ya pili, kataa

Katika 28 Weeks Later ya mwaka 2007, chini ya Juan Carlos Fresnadillo, Wamarekani wanarudisha watu London na kuwaweka Isle of Dogs. Jenerali wao ni Idris Elba, yule yule ambaye Serikali ya Zanzibar ilisema mwaka 2024 kwamba imemtengea ardhi ya kujenga studio ya filamu. Wakazi wa karibu na studio hiyo wasiwe na hofu, jenerali ni wa kuigiza. Don, ameigizwa na Robert Carlyle, alimkimbia mkewe walipovamiwa. Mke anapatikana hai: ana kirusi, haugui. Ndiye hatari kuliko jeshi zima la wakimbiaji, maana haonekani. Don ana kadi ya kufungua milango yote, anaingia, anaomba radhi, anambusu. Kanuni: msamaha uombwe kwa mbali. Baada ya hapo raia wote wanakusanywa kwenye chumba kimoja chenye giza, mlango wa mbele umefungwa imara na wa nyuma umesahauliwa, nami sina la kuongeza.

Mwaka 2025 Boyle na Garland wakarudi na 28 Years Later. Walionusurika wanaishi Lindisfarne, kisiwa kinachounganishwa na bara kwa njia inayofunikwa na maji kila yanapojaa. Hapo mtu wa Mafia au Lamu, anayejua bamvua na maji mafu bila kuangalia saa, angeishi miaka 28 kwa raha. Ng'ambo yupo daktari, Ralph Fiennes, anayejipaka ayodini mwili mzima. Ni mtu wa kwanza katika mfululizo huu kuchukulia usafi kwa uzito, na kila mtu anamwona mwendawazimu. Sehemu kubwa imepigwa kwa simu za iPhone, kwa hiyo na wewe huna udhuru.

Na Cillian Murphy, aliyekuwa Jim? Humo haonekani akikimbia hata hatua moja. Jina lake limo kwenye orodha ya wazalishaji watendaji, nafasi ambayo, kwa kadiri ya ushahidi wa picha hizi tatu, hakuna mtu aliyewahi kuumwa akiwa nayo.